Gundi ya Nyumba ya Getini

Mume wangu alikuwa fundi wa sakafu, na miaka yote ya ndoa yetu nilijua ametoka kwenye kazi ya aina gani kabla hajafungua mdomo. Akitoka kuweka marumaru, alirudi na vumbi jeupe kwenye nyusi na njaa ya kawaida. Akitoka kubandika sakafu ya plastiki, ile ya vipande vyenye sura ya mbao ambayo watu wa mjini wanaipenda siku hizi, harufu ilimtangulia. Ilifika mlangoni kwetu Buswelu kabla yake, kali na tamu kwa pamoja, kama petroli iliyomwagikiwa na ndizi mbivu. Siku hizo hakutaka chakula. Alitaka maziwa.

Maziwa ndiyo dawa ya watu wa gundi na rangi. Sijui nani aliwafundisha, ila hutampata fundi Mwanza hii asiyeamini kwamba maziwa yanaosha kifua. Mkwe wangu, mama yake mume wangu, anafuga ng'ombe Magu, na kila ilipopatikana gari ya kuja mjini alituma dumu. Mume wangu aliyanywa akiwa amesimama mlangoni, bado na nguo za kazi, kisha akashika kifua na kusema, "Imeshuka." Nilimwuliza mara nyingi ni vipi kitu kinachokwenda tumboni kioshe kifua. Alinijibu kwa swali.

"Kwani mama watoto, wewe ni fundi?"

Sikuwa fundi. Nilikuwa mpishi wa mafundi, mama lishe, na nimewalisha wanaume wa saruji na nondo muda mrefu kiasi kwamba najua ujinga wao mwingi kuliko wake zao wanavyoujua. Ila huu wa maziwa ulikuwa wa nyumbani kwangu, na uliniuma zaidi.

Kuna jambo lingine la kueleza hapa, kwa sababu bila hilo mtu wa Dodoma au Iringa hatanielewa. Gundi ya sakafu hupakwa chini kwa mwiko wenye meno, kisha husubiriwa ianze kukauka ndipo kipande kilazwe juu yake. Huku kwetu, katika kusubiri huko, ndipo wadudu wa ziwani wanapokuja. Wanainuka majini kwa mafungu, weusi, ukiwaona kwa mbali utasema kuna mtu anachoma nyasi katikati ya ziwa. Upepo ukigeuka wanaingia nchi kavu, wanaingia ndani ya nyumba, na wanatua juu ya kila chenye unyevu. Wakitua juu ya gundi hawaondoki. Ukilaza kipande juu yao, sakafu inaota vipele, na mwenye nyumba anakuita umwonyeshe hizo mbao zake zina ndui gani. Kwa hiyo mafundi wa huku wana desturi yao: wakifungua debe la gundi, wanafunga madirisha. Wanafunga na mlango. Wanaziba na matundu ya hewa kwa mifuko ya saruji. Halafu wanapiga magoti ndani humo mpaka chumba kiishe.

Mume wangu alisifika kwa hilo. Watu walisema sakafu yake haina hata mdudu mmoja. Ni kweli haikuwa na mdudu. Mdudu alikuwa yeye, amefungiwa ndani na gundi.

Kifua kilianza taratibu. Kwanza kikohozi cha asubuhi, kile ambacho kila mtu anacho na hakuna anayekijali. Baadaye akawa anapumzika katikati ya kilima cha kwetu, akijifanya anasalimiana na watu. Nilimwona akimsalimia mwenye duka aliyekuwa ameshamsalimia wakati wa kushuka. Nilikasirika, lakini mwanaume anayeficha pumzi yake utamwambia nini? Nilimwongezea maziwa, na mimi nikiwa siyaamini.

Ndipo ikaja kazi ya ufukweni, upande wa Nyegezi.

Lilikuwa jengo la ofisi, na sitataja la nani, kwa sababu wenyewe ni watu wazuri na watanishangaa. Walitaka liwe jengo la kijani. Mimi nilidhani ni rangi. Niliweka kibanda changu cha chakula nje ya uzio wa mabati, na siku za mwanzo niliwaambia wateja wangu kwamba wazungu wanapenda sana majani. Baadaye nikaelewa kuwa ukijani wenyewe uko kwenye mambo mengi yasiyoonekana: maji ya mvua yanakusanywa, jua linawasha taa, na hewa ya ndani inakuwa safi mpaka wanakupa cheti cha kuthibitisha. Hewa, kitu ambacho Mungu alikigawa bila foleni, ilikuwa sasa ina cheti.

Aliletwa binti mmoja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kusimamia jambo hilo la hewa. Alikuwa na kofia nyeupe ya saiti na kifaa kidogo cha kupimia hewa kinachoning'inia shingoni, na aliniamkia shikamoo kila asubuhi bila kukosa, ndiyo maana nilimpenda kabla sijajua kazi yake. Mafundi wa sakafu walipofika, aliwakusanya karibu na kibanda changu, nami nikasikiliza nikichambua mchele.

Aliwaambia kwamba gundi haimalizi kunuka siku unapobandika. Inaendelea kutoa mvuke, nyingine kwa wiki, nyingine kwa miezi, na mwenye kuishi juu yake anauvuta akiwa amekaa, amelala, anakula. Mvuke huo unaumiza macho, kichwa na kifua. Ndiyo maana pamewekwa kiwango: gundi inapimwa kabla ya kuja saiti, na ikitoa mvuke kuliko kiwango haiingii kwenye jengo, hata debe moja, hata kwa kiraka cha chini ya kabati.

"Na nyie mnaopaka mko karibu nayo kuliko wote," alisema. "Mnapumua ikiwa mbichi."

Mafundi waliinamisha vichwa kwa heshima, na alipoondoka wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Gundi mpya ilikuwa imeshafunguliwa ili waione. Ilikuwa nyeupe na laini, na haikunuka kitu.

"Huu ni uji," alisema mume wangu. "Mama watoto, lete sukari."

Hiyo ndiyo dini yao nyingine, baada ya maziwa: gundi isiyonuka haishiki. Kwao harufu ndiyo nguvu. Ikikupiga kichwa ukayumba, basi hiyo itashika sakafu mpaka wajukuu. Hata mkandarasi wa jengo alikuwa dini moja nao, maana alishanunua rundo la madebe ya gundi ya zamani, akidhani habari za kiwango ni maneno ya mikutanoni. Binti aliyakataa yote mlangoni mwa stoo. Yakatolewa nje, yakafunikwa turubai, na mafundi wakawa wakipita karibu nayo wanayatazama kama watu wanaotazama nyama buchani bila hela mfukoni.

Nataka niseme ukweli kuhusu miezi ile. Nilikuwa na furaha. Ule uji wao ulishika, wakakubali kwa shingo upande, na mume wangu akaanza kurudi nyumbani bila harufu. Aliingia akauliza kuna nini cha kula. Alikula ugali na sato akaongeza, kichwa hakikumuuma, na kilima cha Buswelu alikipanda akiwa anaongea. Dumu la maziwa lilipokuja tulichemsha chai ya maziwa kama watu wengine. Usingizi wangu ulirudi. Nilikuwa nimesahau kwamba kwa miaka nilikuwa nalala nikihesabu pumzi za mtu mwingine.

Hata tatizo la wadudu lilipata ufumbuzi. Gundi ya maji inachelewa kukauka, na chumba cha kwanza kikaharibika, wadudu walilala juu yake kama ufuta juu ya mkate. Mafundi wakakimbilia kufunga madirisha. Binti akakataa. Akaagiza nyavu zile za vyandarua, zikapigwa kwenye kila dirisha, na kwa mara ya kwanza katika ufundi wake mume wangu alibandika sakafu upepo wa ziwa ukimpiga mgongoni. Alinihadithia jioni ile kama mtu aliyetoka kwenye sherehe. Kitambaa cha chandarua tu. Siku zote hizo kilikuwa kinauzwa sokoni, na hakuna mwenye nyumba wala fundi aliyewahi kukifikiria, maana aliyekuwa anakosa hewa ni fundi, na fundi ana maziwa.

Jengo likakaribia kuisha, na wenye jengo wakamwita mume wangu ofisini. Wakamwambia wamependa kazi yake na utulivu wake, na kwamba jengo litahitaji mtu wa kulitunza, wa kufungua na kufunga, kuangalia mabomba na sakafu, na mtu huyo atakaa hapo hapo, kwenye nyumba ya getini. Angeacha ufundi. Angeacha gundi moja kwa moja. Aliponiambia nililia, na yeye akanicheka, lakini macho yake nayo hayakuwa makavu. Tulimpigia simu mkwe wangu Magu. Akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Nyumba ya getini ilikuwa stoo ya saruji wakati ujenzi unaanza. Waliipiga plasta, wakaigawa sebule na chumba, na nyuma wakaacha chumba kidogo kwa ajili ya vifaa. Ukuta wa chumba hicho haukufika juu, uliishia njiani kama kazi nyingi za serikali za mitaa. Sakafu ilikuwa ya saruji tupu. Vipande vya plastiki vilikuwa vimebaki ofisini, na meneja wa jengo, mtu mpole wa miwani, akamwambia mume wangu achukue abandike kwake. Gundi nyeupe ilikuwa imekwisha, iliagizwa ya kutosha ofisi tu. Lakini yale madebe chini ya turubai yalikuwepo.

Meneja hakumlazimisha. Hili nalisema kwa sababu watu hupenda mkosaji mmoja wamnyooshee kidole. Alimwambia tu, "Fundi, kama utahitaji gundi, ile pale." Na mume wangu alifurahi. Hapo ndipo ninaposhindwa kusamehe, na sijui ni nani nisiyemsamehe. Aliona amependelewa. Alibeba madebe kwa mikono yake mwenyewe, uso umejaa ushindi, kama mtu aliyepewa paja wakati wakubwa wamepewa shingo.

"Si ile iliyokatazwa?" nilimwuliza.

"Imekatazwa kule." Akaelekeza kidevu ofisini. "Kule wana cheti. Hapa ni kwetu, mama watoto. Kule nimewabandikia uji, baada ya miaka michache utaona vinanyanyuka kama magamba ya samaki. Hapa nataka sakafu itakayotuzika."

"Umesahau kifua?"

"Ni siku moja tu. Kisha maziwa."

Alifunga madirisha. Nyavu zilikuwepo, zimekunjwa kwenye kona ya stoo, lakini kwa gundi ile ya zamani mkono ulirudi kwenye desturi ya zamani. Akaziba matundu kwa mifuko. Nilikaa nje kwenye mawe nikisikia mwiko ukikwaruza na yeye akikohoa ndani, na baadaye akiimba, na baadaye akikohoa tena. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliniita nione. Sakafu ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Nilikuwa sijawahi kuishi juu ya kitu kizuri namna ile.

Madebe yaliyobaki hayakuwa na pa kwenda. Kutupa ziwani ilikuwa mwiko, na ni sawa. Kuyafukia mwiko, kuyachoma mwiko. Yalitakiwa yachukuliwe na gari lenye kibali cha kubeba takataka za sumu, na gari hilo lilikuwa linasubiriwa. Kabla ya wageni wa uzinduzi kufika, turubai lile lilionekana linaharibu sura ya bustani, kwa hiyo madebe yakaingizwa kwenye chumba chetu cha nyuma, kwa muda. Samaki wa ziwa walikuwa wamelindwa. Nawapenda samaki, nimewapika maisha yangu yote, lakini siku ile niliwaonea wivu.

Kwenye uzinduzi walikuja wakubwa, ikavutwa kamba, likafunuliwa bamba la shaba kwenye ukuta wa mbele. Mmoja alisema kwenye kipaza sauti kwamba hili ni jengo linalowajali watu waliomo ndani. Mimi nilikuwa nje, napakua pilau.

Tukaanza kuishi. Harufu haikuondoka kwa siku moja kama mume wangu alivyosema. Mchana jua likipiga bati, ilishuka kutoka juu ya ule ukuta mfupi kama mtu anayeruka uzio. Iliingia kwenye sukari. Iliingia kwenye kanga zangu, na kanisani wanawake walikuwa wananusa, wananitazama, wanasogea. Debe moja lilivimba mfuniko, tukaliwekea jiwe. Nilikuwa nafungua madirisha, na wadudu wakija mume wangu anayafunga, sasa si kwa ajili ya gundi bali kwa ajili ya taa na chakula, na kwa kuwa amezoea. Tuligombana kwa ajili ya dirisha kuliko tulivyowahi kugombana kwa ajili ya kitu chochote.

Kifua kikarudi, na safari hii hakikuja taratibu. Mtu aliyekuwa akikipanda kilima cha Buswelu akiongea akawa anapumzika kati ya geti na ngazi za ofisi. Hospitali daktari alimsikiliza mgongoni muda mrefu, akauliza anafanya kazi gani, anakaa wapi, kuna moshi au harufu. Nilijibu mimi. Mume wangu alisema harufu ni kidogo tu. Daktari akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo na akasema dawa kubwa ni kumtoa kwenye hiyo harufu.

Nilikwenda kwa meneja. Sikuvaa vizuri kwa makusudi, nilikwenda na aproni. Alinikaribisha kiti, akaniagizia maji. Humo ndani nilivuta pumzi mpaka mwisho, na ilikwenda mpaka mwisho, na hicho kilinipandisha hasira kuliko maneno yoyote.

"Mama, hewa yetu iko chini kabisa ya kiwango," alisema kwa fahari. Alidhani nimekuja kuuliza habari za ofisi.

"Ya kwetu je?"

Alinipeleka ukutani penye ramani. Kulikuwa na mstari wa kijani unaozunguka eneo lililomo kwenye cheti. Ulizunguka ofisi, bustani, maegesho ya magari, tangi la maji. Ulizunguka miti iliyopandwa, mmoja mmoja. Ulipofika getini ukapinda, ukapita nyuma ya choo chetu na kuendelea. Nyumba ilikuwa stoo kabla mradi haujaanza, alinieleza kwa upole, kwa hiyo haimo.

"Na madebe?"

"Hayo tunasubiri gari, mama. Hatuwezi kuyatoa ovyo. Sheria ya mazingira ni kali sana."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sasa najua kwamba mwenye pumzi hamjui asiye nayo. Nilimwambia hivyo. Akasema ananielewa.

Mvua zilipokatika, yule binti mtaalamu akarudi. Alikuja kupima tena hewa, kama cheti kinavyotaka, na nilimwona akipita chumba kwa chumba nyuma ya vioo, kifaa chake mkononi, akitabasamu. Alipotoka nilimsubiri getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepima wenye afya, njoo unywe chai kwa wagonjwa."

Hakukataa. Kifaa kilikuwa bado kinawaka shingoni mwake. Alivua viatu, akavuka kizingiti, na kabla hajafika kwenye kiti kile kifaa kikaanza kulia. Si kwa sauti kubwa, mlio mwembamba, kama kifaranga. Akakigeuza akakitazama, akakizima, akakiwasha tena. Akatembea hadi mlango wa chumba cha nyuma. Kikalia bila kupumzika.

"Kuna nini humu?"

"Wewe ndiye uliyeikataa," nilimwambia.

Alifungua mlango akayaona madebe, na lile lenye jiwe juu. Kisha akatazama sakafu, akainama akapitisha kidole kwenye maungio, akaelewa. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani chumbani akimsikiliza. Akaita kutoka kule, kwa sauti ile yake ya vipande vipande, "Binti, umeona ilivyoshika?"

Binti alinigeukia. Aliniuliza mimi kama tunalala humu.

"Tunalala, na mvua ikinyesha tunapika humu."

"Mama, tokeni," alisema. "Nitaandika leo hii." Na macho yake yalikuwa yamejaa. Chai hakuinywa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: aliandika. Aliandika kila kitu, na kwa watu wa juu. Najua kwa sababu meneja alikuja mwenyewe nyumbani, kwa mara ya kwanza, akasimama nje ya mlango bila kuvuka kizingiti. Alisema wamepokea taarifa na wamesikitika sana. Alisema afya zetu ni muhimu kuliko chochote. Alisema nyumba imeonekana haifai kukaliwa na watu, kwa hiyo hawawezi kuturuhusu kuendelea kukaa humo hata wiki moja zaidi, ingekuwa ni kosa kwao.

"Mtatuhamishia wapi?" niliuliza.

Hakukuwa na nyumba nyingine. Na kazi ya mtunza jengo ilikuwa ya mtu anayekaa hapo hapo. Wangechukua walinzi wa kampuni, wanaopokezana na kusimama nje, hawahitaji nyumba.

"Asante bosi," mume wangu alisema. Alisimama ili aseme hivyo, ameshika fremu ya mlango. Nimeyasikia matusi mengi kwenye vibanda vya saiti, na hakuna lililowahi kunichoma kama ile asante.

Tulipakia vitu vyetu. Kitanda, masufuria, viti. Madebe hatukuyagusa, gari la kibali lilikuwa bado linasubiriwa, na nyumba ilipobaki tupu yakapata nafasi. Waliyahamishia mengine sebuleni, chumba cha nyuma kilikuwa kimebana. Nyumba isiyofaa watu ilikuwa inafaa gundi. Walinzi waliambiwa wasiingie.

Nyumba yetu ya kupanga Buswelu ilikuwa imeshapata mpangaji, kwa hiyo mume wangu nimempeleka Magu kwa mama yake. Huko sakafu ni ya udongo, inasiribwa kwa samadi ya ng'ombe, na mkwe wangu anaisiriba kwa mkono wake akiwa amepiga magoti, umri ule. Mume wangu anakaa mlangoni kwenye kiti cha kamba. Hawezi kufika kwenye zizi. "Ng'ombe wa maskini hazai," aliniambia mkwe wangu tulipofika, akiteremsha godoro. Mimi nimerudi kupika, sasa kwenye stendi ya mabasi Nyegezi, na Jumapili nakwenda kumwona.

Juzi juzi nilipita pale ofisini. Sikuwa na shida pale. Nilimsalimia mlinzi, akaniruhusu nisogee dirishani kwenye nyumba ya getini, kwa sababu nilimwambia nilisahau kitu. Madebe yalikuwepo, yamepangwa mpaka karibu na pale tulipokuwa tunaweka kitanda. Vumbi lilikuwa limetanda, na wadudu wakavu, maana kioo kimoja kimepasuka. Nilitazama chini kwa muda mrefu. Nilitaka nione vimenyanyuka. Nilitaka hata kona moja iwe imekunjamana, nimpelekee habari hiyo Magu kama wengine wanavyopeleka mkate.

Jumapili nilimwambia nilipita.

"Imebanduka?" aliuliza.

Nilifikiria kumdanganya. Nilimtazama mabega yanavyopanda na kushuka ili kupata lile neno moja.

"Haijabanduka. Hata kipande kimoja."

Alitabasamu, tabasamu lile la siku alipobeba madebe. "Nilikwambia," alisema, na kabla hajamaliza kikohozi kikamkamata, kikamkunja kwenye kile kiti mpaka mama yake akatoka jikoni mbio na kikombe cha maziwa. Aliyanywa yote. Kisha akashika kifua akatutazama, tukasubiri aseme imeshuka.